Mtihani wa udereva: mtahini anaangalia macho yako kuliko mikono yako

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu siku aliyofanya mtihani wa barabarani na sauti imemkauka. "Kaka, wamenifelisha. Gari haijazimika hata mara moja, nimepaki vizuri, mlima nimeuanza bila kurudi nyuma, sasa walikuwa wanataka nini?" Nikamwambia anisomee ile karatasi ya majibu. Kote pako sawa, halafu kuna kosa moja limezungushiwa duara: kaondoka pembeni ya barabara bila kugeuza shingo kuangalia nyuma ya bega. Basi, ni hilo tu. Nusu saa nzima ya kuendesha vizuri ikaangushwa na sekunde moja ya shingo.

Alikuwa anaona kaonewa, na wengi wanaofeli wanajisikia hivyo hivyo, kwamba mtahini alikuwa na lake jambo. Mi naona shida iko kwenye maandalizi na ndo maana naandika haya yote. Tunajiandaa kwa mtihani wa mikono na miguu, klachi, gia, usukani, halafu tunaenda kukuta mtihani wa macho. Mtahini hajakaa pale ili ajue kama unaweza kuisogeza gari, hilo analiona dakika mbili za kwanza. Anachotafuta ni kama mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli na dereva wa nyuma wanaweza kukutegemea wewe ambaye hawakujui. Ukishalielewa hilo mambo mengi ya safari ya leseni yanaanza kueleweka, hata zile sehemu zinazoonekana kama usumbufu tu.

Kwanza tutenganishe leseni na mtihani, maana watu wanaviona kitu kimoja wakati kila kimoja kilikuja kwa njia yake. Karl Benz, yule Mjerumani aliyetengeneza gari ya injini ya petroli, mwaka 1888 alipata kibali cha maandishi kutoka kwa serikali ya Baden ili aitumie gari yake kwenye barabara za umma, maana watu walikuwa wanalalamikia kelele na harufu. Hakuna aliyempima kama anajua kuendesha, na angempima nani wakati huo? Paris wakaanza kudai cheti cha uwezo mwaka 1893. Uingereza walianza kutoa leseni mwaka 1904 ila mtihani wa lazima ukaja tarehe 1 Juni 1935, yaani kwa miaka 31 mtu analipia karatasi yake, anawasha gari na kuingia barabarani bila kupimwa na yeyote. Leseni ilikuwa ya kumtambua dereva ni nani. Mtihani ulikuja baadaye, baada ya magari kuwa mengi na watu kuumia na kufa.

Na bado wanakufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 hakuna kinachoua kuliko barabara. Umri huo ndo umri wa wengi wanaoenda kuchukua leseni kwa mara ya kwanza.

Sasa hatua zenyewe. Nchi zinatofautiana lakini mifupa inafanana karibu kote: unathibitisha umri na afya, unapewa leseni ya kujifunzia ambayo wengi wanaiita lena, unafanya mtihani wa nadharia, unajifunza ukiwa na mwalimu au mtu mwenye leseni pembeni, unafanya mtihani wa vitendo, ukipita unapewa leseni na mara nyingi unakuwa kwenye kipindi cha uangalizi. Kuna sehemu lena inakuja baada ya nadharia, kuna sehemu kabla, kuna sehemu umri ni 16, kwingine 17, kwingi 18. Hayo chukua kitabu rasmi cha mamlaka ya mahali unapofanyia mtihani na ukisome chote, usitegemee cha rafiki aliyefanya miaka kumi iliyopita maana sheria zinabadilika.

Macho ndo watu wanayasahau kabisa. Uingereza kabla hata hujawasha gari mtahini anakwambia usome namba ya gari iliyopaki kama mita 20 mbele yako, ukishindwa siku yako imeishia hapo hapo. Hata kama kwenu hawafanyi hivyo, jipime mwenyewe wiki kadhaa kabla: simama mbali na gari, pima hatua 20 ndefu, soma namba. Ukiona herufi zinaogelea nenda kapime macho, maana watu wengi wamezoea kuona vibaya na wanadhani kila mtu anaona hivyo. Na kama utapita ukiwa umevaa miwani, leseni itaandikwa hivyo, kuanzia siku hiyo kuendesha bila miwani ni kosa.

Nadharia watu wanaikariri, na hapo ndo wanapojichosha bure. Chukua alama za barabarani. Ukizitazama kama picha mia mbili utachanganyikiwa, ila ukijua lugha yake ni kama unasoma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ndo uliozipanga kwa nchi nyingi: pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, kuna kitu mbele. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la bluu linakuamuru, lazima ufanye hivi. Mstatili au mraba unakupa taarifa. Kuna nchi, Marekani kwa mfano, onyo linakuja kwenye umbo la almasi la njano, lakini wazo ni lile lile kwamba umbo linaongea kabla hujaisoma picha iliyoko ndani.

Angalia alama mbili za pekee, simama yenye pembe nane na ile ya kumpisha mwenzako ambayo ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Hakuna alama nyingine za kawaida zenye maumbo hayo, na faida yake ni kwamba hata zikiwa zimejaa tope au ukiziona kwa nyuma unazitambua, kwa hiyo ukiwa kwenye makutano unaweza kujua mwenzako wa upande wa pili kaambiwa nini kwa kuangalia tu mgongo wa kibao chake. Mi nilikuwa dereva kwa muda mrefu kabla sijaligundua hili na tangu siku hiyo nasoma makutano tofauti kabisa.

Kitu cha pili kinachowachanganya watu ni nani anapita kwanza. Tunauliza "nani mwenye haki?" na swali lenyewe linatupoteza. Lisome kinyume chake: sheria inakwambia nani asubiri. Kwenye kila hali ya makutano jiulize ni nani kaambiwa asubiri, mwenye alama ya kupisha, anayekata kona kuvuka njia ya wanaokuja, anayeingia kwenye raundabauti, anayetoka barabara ndogo, anayetoka pembeni alikopaki. Aliyebaki ndo anapita. Na hata huyo aliyebaki, kama yule wa kusubiri hajamwona, haki yake haitamsaidia kitu. Ukijibu maswali ya nadharia kwa njia hii hata swali ambalo hujawahi kuliona utalipata.

Halafu kuna umbali wa kusimama, hapa nataka tukae kidogo maana wengi wanakariri jedwali la namba bila kujua namba zimetoka wapi. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde moja. Mtoto akitokea barabarani, ubongo wako unahitaji kama sekunde moja kuona, kuelewa na kuupeleka mguu kwenye breki, kwa hiyo kabla gari haijaanza hata kupunguza mwendo mita 14 zimeshakwenda. Kisha breki yenyewe, kwenye lami kavu na matairi mazima na mguu umekandamiza kisawasawa, inachukua kama mita 14 nyingine. Jumla 28. Sasa ongeza mwendo mpaka 100. Ile sekunde ya kushtuka inakuwa mita 28, hiyo imezidi mara mbili kama ulivyotegemea, ila breki inakuwa mita 55, mara nne! Jumla mita 83. Hii ni kwa sababu nishati ambayo breki inabidi iimalize inakua kwa mraba wa mwendo, mwendo mara mbili, nishati mara nne. Lami ikilowa, hesabu ya breki izidishe tena mara mbili au zaidi.

Ukiielewa hesabu hii, mambo matatu kwenye kitabu yanajieleza yenyewe. Kwa nini kwenye makazi ya watu mwendo unashushwa mpaka 30: hapo unasimama ndani ya kama mita 13, yaani pale ambapo mwenye 50 anakuwa hata breki hajaikanyaga. Kwa nini simu inaua: kuitupia macho sekunde mbili ukiwa 50 ni mita 28 umeendesha bila kuangalia barabara. Na kwa nini wanasema uachie sekunde mbili kati yako na gari ya mbele yako, na sekunde nne kukiwa na mvua. Hiyo ya sekunde ifanyie mazoezi leo hata ukiwa abiria. Chagua nguzo au kivuli barabarani, gari ya mbele ikikipita tu anza kuhesabu taratibu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili", kama mmekifikia hamjamaliza kusema basi mko karibu mno. Uzuri wake inajirekebisha yenyewe, mwendo ukipanda sekunde zile zile zinakuwa mita nyingi zaidi.

Haya, tuingie ndani ya gari. Kwa wanaojifunza gari ya gia, klachi inatesa kwa sababu hakuna anayewaambia ni nini. Injini inazunguka muda wote, hata gari ikiwa imesimama, inafika kama mizunguko 800 kwa dakika. Magurudumu yamesimama. Klachi ni sahani zinazokutana katikati ya hivyo viwili. Ukikanyaga zinaachana, ukiachia zinagusana, na ukiachia ghafla unaiambia injini inayozunguka ishikane mara moja na magurudumu yaliyosimama, injini inakabwa na gari inazima. Basi kazi yako yote ni kuziacha zisuguane kidogo mpaka mwendo wao ulingane.

Tafuta sehemu tupu na tambarare, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta kabisa. Inua mguu wa klachi polepole, kisigino kiwe sakafuni, mpaka usikie sauti ya injini inashuka na pua ya gari inainuka kidogo, utaihisi hata kwenye kiti. Simamisha mguu hapo. Usiongeze, usipunguze. Gari itaanza kutambaa yenyewe bila mafuta. Kanyaga tena isimame. Rudia mara 30, kweli mara 30, na baada ya hapo mguu wako utakijua kile kituo bila wewe kufikiria, na ule mlima unaoogopwa unakuwa umeisha: handibreki imevutwa, leta klachi mpaka pua inainuka, ongeza mafuta kidogo, achia handibreki, gari inaondoka haijarudi nyuma. Nimeona walimu wanawatukana watoto wa watu kwenye kilima na foleni imejaa nyuma yao wakati hiki kitu kingefundishwa uwanjani kwa saa moja ya utulivu, inaniuma sana kwa sababu wengine wanaacha kabisa kujifunza baada ya siku kama hiyo.

Kupaki kwa rivasi pia usikuze. Siri ni mwendo, gari itambae kama mtu anayenyata, ndo unapata muda wa kuzungusha usukani na kuangalia pande zote. Watu wanakariri "ukiona nguzo kwenye kioo zungusha mara moja na nusu", inafanya kazi kwenye gari ya mwalimu, siku ya mtihani wakipewa gari nyingine imekufa. Jifunze kuona gurudumu la nyuma linaelekea wapi, maana kwenye rivasi nyuma inafuata upande unaozungushia usukani na pua inatupwa upande mwingine, na hiyo pua ndo inayogonga vya watu.

Sasa lile alilofelia mdogo wangu. Vioo vya gari, hata vikipangwa vizuri vyote vitatu, vinaacha kipande pembeni kidogo nyuma ya bega ambacho hakuna kioo kinakiona. Jaribu siku moja gari ikiwa imezimwa: kaa kwenye kiti cha dereva, mwambie mtu atembee taratibu kutoka nyuma akija pembeni yako. Utamwona kwenye kioo cha ndani, atahamia kwenye kioo cha pembeni, halafu kuna sehemu atapotea. Mtu mzima, umbali wa kumgusa kwa mkono na kidogo, hayupo! Pikipiki nzima inaingia hapo. Ndo maana ya kugeuza shingo kabla ya kuondoka na kabla ya kuhama njia, na ndo maana mtahini hawezi kukusamehe hata kama siku hiyo hapakuwa na mtu, kwa sababu hukujua kwamba hapakuwa na mtu, ulibahatisha.

Mamlaka ya Uingereza inatangaza kila mwaka sababu zinazofelisha watu kwenye mtihani wa vitendo, na miaka nenda rudi juu kabisa kwenye orodha kuna kutoangalia vya kutosha kwenye makutano, na kutotumia vioo wakati wa kubadili uelekeo haiko mbali. Soma tena. Macho.

Kwa hiyo mazoezi yako yabadilike. Njia niliyoiona inafanya kazi kuliko zote ni kuendesha huku unasema kwa sauti unachokiona na unachofikiri kitatokea. "Kioo cha ndani, kuna gari nyeupe imekaribia. Mbele kuna gari imepaki, taa za breki zimezima ila magurudumu yamekaa upande, anaweza kutoka. Kuna mpira umedunda, mtoto yuko nyuma yake." Mwanzoni mdomo unashindwa kwenda na macho, unajisikia mjinga, ni sawa. Baada ya masaa machache utaanza kuona vitu kabla havijawa hatari. Na unaweza kufanya hata huna gari, kwenye kiti cha abiria cha basi la mbele, bure kabisa. Kila kitendo kipitie mlolongo ule ule, vioo, indiketa, halafu ndo usukani au breki. Indiketa bila kioo ni kutoa taarifa kwa watu ambao hujui kama wapo.

Mazoezi mangapi yanatosha? Mamlaka ya Uingereza inasema wastani wa wanaopita ni masaa kama 45 ya mwalimu na mengine 22 ya mazoezi binafsi. Mtu akikwambia siku tano utakuwa dereva anakuuzia kitu. Na masaa yenyewe yasiwe ya njia moja tu, wengi wanaendesha ile njia ya mtihani mpaka wanaijua kila shimo, halafu siku hiyo wakikuta barabara imefungwa wanachanganyikiwa. Endesha barabara tupu kwanza, halafu zenye watu, halafu asubuhi ya foleni, mvua, jioni giza linapoingia. Ukiona mwalimu wako hajagusa usukani wala kusema kitu kwa masaa kadhaa mfululizo, hapo ndo uko karibu.

Siku ya mtihani sasa, hofu. Hofu haikwepeki, mikono inatoa jasho na mguu wa klachi unatetemeka, kila mtu. Inayosaidia ni kujua mtihani unahesabiwaje. Mfano wa Uingereza: makosa madogo mpaka 15 bado unapita, ila kosa moja kubwa au la hatari limekumaliza. Kwingine hesabu ni nyingine lakini roho ni hiyo hiyo, wanatenganisha uzembe mdogo na kitu ambacho kingeumiza mtu. Kwa hiyo gari ikizima kwenye taa haujafeli. Handibreki, gia frii, washa, angalia, ondoka. Kinachofelisha ni ile taharuki inayofuata, mtu anawasha haraka haraka na kuchomoka bila kuangalia kulia wala kushoto. Ukikosea njia, umeambiwa kushoto ukaenda kulia, kama ulitoa indiketa na ukaingia salama hakuna tatizo, mtahini atakurudisha. Ambacho usifanye ni kukata kona ghafla ili umfurahishe.

Hujasikia, uliza. Usiendeshe taratibu kupita kiasi ukidhani ndo usalama, kuzuia watu bila sababu nako ni kosa. Unapoangalia kioo kichwa kisogee kidogo, sio maigizo, ila macho peke yake yakisogea mtu wa pembeni hawezi kujua kama umeangalia. Jua gari unayofanyia: taa ziko wapi, wiper, kuondoa ukungu kwenye kioo, boneti inafunguliwaje, maana maswali hayo yanakuja na mtu anababaika kwenye kitu cha dakika moja. Na kama unatumia dawa ya mafua au mzio soma maelezo yake, nyingine zinaleta usingizi na hazifai kabisa kabla ya kuendesha.

Ukifeli, dai maelezo na uyaandike siku hiyo hiyo kabla hasira haijayafuta. Nchini Uingereza wanaopita ni chini kidogo ya nusu, kwa hiyo kufeli mara ya kwanza ni jambo la kawaida tu. Ambalo nakuomba kwa moyo wangu wote ni usiende kununua. Kuna watu wanauza leseni, kuna watu wanauza kupita, na anayenunua anaondoka na karatasi huku zile mita 83 zinamsubiri pale pale, yeye na abiria wake na yule mwanafunzi anayevuka barabara ambaye hajui chochote kuhusu hiyo biashara.

Leseni ukiipata isome. Madaraja kwenye nchi nyingi yanafuata mkataba mwingine wa Vienna wa mwaka huo huo 1968, ule wa usafiri wa barabarani: A pikipiki, B gari ya kawaida isiyozidi kilo 3,500 na yenye viti visivyozidi 8 ukiacha cha dereva, C mizigo mizito, D abiria wengi, E ni ya kuvuta tela. Nchi nyingine wana herufi zao za ziada. Ukifanya mtihani kwa gari otomatiki, sehemu nyingi leseni inakubana kwenye otomatiki tu, kwa hiyo amua mapema kabla ya kulipia masomo. Ukitaka kuendesha nje ya nchi kuna kibali cha kimataifa, ambacho watu wanadhani ni leseni kubwa zaidi, kumbe ni tafsiri tu ya leseni yako, unakichukua nchi iliyokupa leseni na unatembea na vyote viwili. Na uangalie huko wanapita upande gani, kushoto kama Japani au kulia kama Ufaransa. Sweden walihama kutoka kushoto kwenda kulia nchi nzima kwa usiku mmoja, tarehe 3 Septemba 1967, na walijiandaa miaka kwa usiku ule mmoja, wewe ukishuka uwanja wa ndege unapewa ufunguo na dakika tano.

Miezi ya kwanza ndo miezi ya hatari, na hii sio kutishana. New Zealand mwaka 1987 walianza mfumo wa leseni ya hatua kwa hatua, dereva mpya haendeshi peke yake usiku wa manane wala habebi abiria kiholela, na nchi nyingi zikafuata, kwa sababu usiku na gari iliyojaa marafiki vinamzidi mtu ambaye bado anaifikiria gia. Hata kama kwenu sheria hiyo haipo jiwekee mwenyewe. Wiki za mwanzo nenda peke yako au na mtu mzoefu, muziki chini, simu iwe kwenye begi kiti cha nyuma.

Mdogo wangu alirudia baada ya wiki kadhaa, akapita. Siku chache baadaye tukatoka naye jioni, yeye usukani mi kiti cha abiria, mvua imeanza na taa za magari yanayokuja zinavunjika vunjika kwenye kioo. Hakuna aliyemuuliza ila alikuwa bado anaongea barabara kwa sauti ndogo, vioo, pikipiki nyuma, lami imelowa niache nafasi. Halafu akasema, "kuna mama pale ana mwavuli umemfunika huku, hawezi kutuona," na mguu wake ukawa umeshatoka kwenye mafuta kabla yule mama hajaweka mguu barabarani.